Mistari ya Herufi Sabini

Ti. Ti. Ti. Gizani, kabla jogoo hajawika, matone ya maji yalikuwa yakidondoka ndani ya beseni la bati. Mama Chiriku, aliyekuwa ameegemea ukuta akimnyonyesha kichanga chake, alikwishayazoea. Mume wake alikuwa fundi wa mapaa, mapaa ya watu. La kwake lilivuja kila mvua iliponyesha, maana mganga hajigangi. Lakini alfajiri hiyo sauti ilibadilika. Badala ya ti, alisikia pu. Pu. Pu. Tone lilikuwa limehama beseni na kuangukia kitu laini.

Kulipopambazuka, kitu hicho kilijulikana. Lilikuwa daftari la binti yake mkubwa, mwanafunzi wa darasa la pili, ambaye kwa wingi wa maneno yake nyumba nzima ilimwita Chiriku. Jana yake mtoto huyo alikuwa ameshinda mezani akiandika jina lake juu ya jalada kwa kalamu za rangi: herufi moja nyekundu, nyingine ya kijani, nyingine ya zambarau, na pembeni nyota na maua. Sasa jalada lilikuwa na doa moja kubwa, kama shati la fundi rangi.

"Mama! Jina langu limekufa!"

"Halijafa, mwanangu. Limeoga."

"Limeoga mpaka limeisha!"

Mama alijizuia asicheke. Akamvuta karibu, akamfuta machozi kwa upindo wa khanga. "Bibi yangu alikuwa na mkakasi. Ni kisanduku cha mti, kimechongwa mviringo, kimepakwa rangi za kila namna. Ukikitazama unatamani kukila. Siku moja nikakiosha ili king'ae zaidi. Rangi yote ikabaki kwenye maji, mimi nikabaki na kipande cha mti mkononi. Bibi hakunipiga. Aliniambia tu, uzuri wa mkakasi ukipata maji basi."

"Kwa hiyo rangi ni mbaya?"

"Si mbaya. Pambo halina kosa. Kosa ni kulibebesha pambo mzigo wote, kwa sababu siku likiondoka, linaondoka na kila kitu. Weka kwanza kisichoyeyuka, mapambo yatafuata."

"Kisichoyeyuka ni nini?"

"Tafuta mwenyewe. Haya, viatu."

Mama Chiriku alikuwa karani katika bohari ya dawa. Kazi yake ilikuwa kuandika barua pepe kwa zahanati thelathini na moja: dawa gani imefika, ipi imechelewa, ipi irudishwe. Nyingi ya zahanati hizo zilikuwa na kompyuta kuukuu na mtandao mwembamba kama uzi wa buibui. Mashine zao zilipokea maandishi matupu tu. Picha hazikupita, rangi hazikupita, jedwali halikupita. Kilichopita ni herufi, na herufi hizo zilichapwa kwenye printa ndogo na kubandikwa ukutani.

Mambo haya alikuwa ameyasoma katika madarasa ya jioni, miaka miwili, akitoka kazini na kwenda kukaa kwenye dawati linalobana magoti. Mwalimu wake alikuwa na sheria chache alizozirudia kama wimbo. Mstari usizidi herufi sabini. Ukizidi, mashine ya mwenzako itaukata inapotaka yenyewe, si unapotaka wewe. Jambo moja, mstari mmoja. Ukitaka kusisitiza, tumia herufi kubwa, maana wino mzito hausafiri. Kati ya aya na aya acha mstari mtupu, msomaji apumue. Na kabla ya kuwatumia watu, jitumie barua mwenyewe kwanza ikiwa maandishi matupu, uone atakachokiona mwenzako. "Usimwandikie aliyekaa mbele ya kioo chako," mwalimu alisema. "Mwandikie aliye upande wa pili wa waya."

Mama Chiriku alizishika sheria hizo kama mtu ashikavyo fimbo gizani. Wenzake bohari walimcheka, wakampa jina la Mama Sabini. Hakukasirika. Jina hilo alilipata kwa jasho.

Alipokwenda likizo ya uzazi, kiti chake alikikalia kijana aliyetoka chuoni na cheti kipya. Barua zake zilikuwa na bendera juu, vivuli pembeni na majedwali ya rangi nne. Watu wa bohari wakambatiza Nakshi. Mkuu wa bohari, mzee mpole aliyependa vitu vya kisasa kuliko alivyovielewa, alimpenda sana. Hivyo wiki kumi na mbili zilipokwisha na Mama Chiriku akarudi, alikuta amewekewa meza nyingine karibu na mlango, na kazi yake sasa ni kupanga majalada.

Jumatatu hiyo ya daftari kulowa, saa tisa alasiri, habari ilifika. Kijokofu kimoja cha gari la bohari kilikuwa kimepoza kupita kiasi, na chanjo za watoto zilizokuwa ndani yake zikaganda. Chanjo ile ikiganda hufa. Haimdhuru mtoto, lakini haimkingi pia. Ni sawa na kumfunika kwa shuka la hewa. Dawa zinazotengenezwa pamoja huitwa kundi, na kila kundi lina namba. Lililoganda lilikuwa 4471. Lilikwishasambazwa kwenye zahanati zote pamoja na makundi mawili yaliyo salama, 4470 na 4472, na kesho yake asubuhi ilikuwa siku ya chanjo.

"Nakshi, andika tangazo sasa hivi," Mkuu alisema. "Liwe safi, liwe la kisasa."

Baada ya nusu saa tangazo lilikuwa kwenye kioo. Kwa kweli lilipendeza. Juu kulikuwa na sentensi moja: "Kundi moja liliganda, tafadhali angalia safu nyekundu." Chini yake jedwali: namba ya kundi, mwezi wa mwisho wa matumizi, namba ya friji ya bohari, na maelezo. Safu ya 4471 ilikuwa nyekundu kama pilipili mbivu, na mwisho wake neno USITUMIE.

Mama Chiriku alitazama kutoka mlangoni, akasogea. "Kaka, ukiitoa hiyo rangi, msomaji anabaki na nini?"

"Kwa nini niitoe?"

"Huitoi wewe. Zahanati zitaitoa. Mashine zao hazipokei rangi wala jedwali."

Nakshi akazungusha kiti. "Mama Sabini, dunia imehama na wewe bado unafunga mizigo! Mambo ya kuhesabu herufi ni ya enzi za simu za upepo."

"Basi jitumie kwanza ikiwa maandishi matupu. Dakika mbili tu."

"Mkuu, unaona vizuri hapo?"

Mkuu akavaa miwani, akainama. "Mimi naona vizuri sana. Mama, mwache mwenzako afanye kazi."

Mama Chiriku angeweza kung'ang'ania. Angeweza kujitumia yeye mwenyewe barua ile na kuitazama. Lakini matiti yalikuwa yamejaa, mtoto alikuwa nyumbani kwa bibi yake akilia, na meza yake ilikuwa karibu na mlango. Akachukua mkoba, akatoka. Nyuma yake alisikia kitufe kikibonyezwa, tap, na barua ikaenda.

Jumanne asubuhi alikuwa na ruhusa. Kichanga chake kilikuwa kimetimiza wiki kumi na nne, na siku hiyo kilikuwa kinapata chanjo ya tatu. Zahanati ya mtaa wao ilikuwa na vyumba viwili, benchi refu na foleni iliyozunguka hadi bombani. Akina mama walikuwa wakipepea, wakisengenya, wakibadilishana nepi. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na mikono laini, alikuwa anaanza kazi.

"Mama wa kwanza! Kadi! Mvue mtoto, usijivue mwenyewe wewe!"

Kicheko kikapita kwenye benchi. Mama Chiriku alikuwa wa tatu. Akiwa anasubiri huku akinyonyesha, macho yake yakaenda kwenye mlango wa friji, ambako karatasi ilikuwa imebandikwa kwa plasta. Aliitambua kabla hajaisoma. Bendera ilikuwa imetoweka, vivuli vimetoweka, nyekundu imetoweka. Jedwali lilikuwa limevuliwa nguo zote, safu zake zikaunganishwa kuwa kamba moja, na mashine ikaikata kamba hiyo ilipotaka yenyewe. Chini ya sentensi ya safu nyekundu, ilisomeka hivi:

KUNDI MWISHO FRIJI MAELEZO 4470 Desemba 1
TUMIA 4471 Januari 2
USITUMIE 4472 Januari 1
TUMIA

Akaisoma kama muuguzi alivyoisoma, kila mstari peke yake. TUMIA 4471. USITUMIE 4472. Juu ya meza, kisanduku cha 4472 kilikuwa kimezungushiwa plasta na kuandikwa HAPANA. Na kichupa kilichokuwa mkononi mwa muuguzi, sindano ikielekea kwenye kizibo chake, kilikuwa na namba 4471.

"Nesi, subiri! Tafadhali, usimchome!"

Muuguzi akageuka. "Mama, foleni hiyo unaiona? Kama unaogopa sindano, kaa nje, mtoto ataletwa."

"Siogopi sindano. Hicho kichupa ndicho kilichoganda. Karatasi imekosea."

"Karatasi ya bohari imekosea?"

"Mimi natoka bohari."

"Na mimi natoka kwa mume wangu," muuguzi alisema, na benchi likacheka tena. "Mwanangu, nimwamini nani? Karatasi yenye jina la bohari, au mama mmoja mwenye titi nje?"

Mama Chiriku akafunga kifungo cha blauzi. Hakupandisha sauti. Alimpa jirani mtoto amshikie, akaenda kwenye friji, akaweka kidole juu ya karatasi kama Chiriku anavyosoma. "Usiniamini mimi. Tazama kichwa chenyewe. Kundi, mwisho, friji, maelezo. Maelezo yanakuja mwisho, sivyo? Haya, sasa soma nami. 4470, Desemba, friji ya kwanza, maelezo yake?"

"Tumia," muuguzi alisema. Akakunja uso. "Lakini iko mstari wa chini."

"Iko chini kwa sababu mashine ilikata mstari kabla yake. 4471, Januari, friji ya pili, maelezo yake?"

Muuguzi naye aliweka kidole. Macho yake yalishuka mstari mmoja. "Usitumie," alisema polepole. "Nami nilikuwa najiuliza, hiyo TUMIA ya chini kabisa ni ya nani."

"Ni ya 4472."

"Na safu nyekundu wanayoisema iko wapi? Printa hii haijaonja wino mwekundu tangu izaliwe!"

"Ilibaki bohari, kwenye kioo cha aliyeandika."

Muuguzi alirudisha sindano kwenye trei. Lakini hakuwa mtu wa kubadilishwa kwa maneno matupu. Alichukua kichupa cha 4471 na kingine cha 4472, akavitikisa vyote kwa pamoja kwa nguvu, akaviweka mezani bega kwa bega. "Chanjo iliyoganda haifichi," alisema. "Ndivyo tulivyofundishwa. Tusubiri robo saa. Akina mama, mtanisamehe."

Benchi lilinung'unika. Mmoja alisema ameacha nguo kwenye maji. Mwingine alisema hivi ndivyo wasomi wanavyowachelewesha watu. Mama Chiriku alisimama katikati ya chumba akitazama vichupa viwili kama mtu atazamaye mlango wa chumba cha mgonjwa. Kama amekosea, amechelewesha watoto ishirini na kujiaibisha mbele ya mtaa mzima.

Dakika ya tano vyote vilikuwa vya mawingu. Dakika ya kumi, cha 4471 kilianza kutakata juu. Ilipofika robo saa, kile cha 4472 kilikuwa bado kama maziwa, lakini ndani ya 4471 maji yalikuwa maangavu juu, na chini chembechembe zimetua kama unga uliomwagika.

Muuguzi alichukua kipande cha plasta kilichoandikwa HAPANA, akakibandua kwenye kisanduku kimoja na kukibandika kwenye kingine. Kisha akasema kwa sauti ndogo kuliko zote alizotoa asubuhi hiyo, "Na hizo zahanati nyingine?"

Mama Chiriku alikuwa ameshapiga simu.

"Uko kwenye ruhusa wewe," Mkuu alisema.

"Mkuu, tangazo limegeuka. Zahanati zinasoma 4471 kuwa ndiyo ya kutumia. Nimeona kwa macho yangu, na kichupa kimetikiswa."

Simu ilipita mkono, na sauti ya Nakshi ikaingia. "Haiwezekani, dada. Kwangu inaonekana vizuri."

"Kwako si kwenye zahanati, kaka. Nakuomba kitu kimoja. Jitumie ikiwa maandishi matupu. Sikati simu."

Alisikia vitufe. Kisha alisikia Nakshi akisema, si kwake, "Mungu wangu."

"Usijilaumu sasa hivi," alimwambia. "Andika ninachokutajia. Usipambe."

Nayo ilikuwa barua fupi kuliko zote zilizowahi kutoka bohari:

USITUMIE KUNDI 4471.
Liliganda. Halina nguvu.

Tumia kundi 4470.
Tumia kundi 4472.

Barua ya jana ilisomeka vibaya. Itupeni.

Mtoto aliyechomwa 4471 leo:
andika jina lake, arudi kesho.

Jibu kwa neno moja: NIMEPATA.

"Mstari mrefu kuliko yote una herufi ngapi?" Nakshi aliuliza. Hakuwa anatania.

"Haufiki sabini. Tuma."

Dakika ya nne, kompyuta ya zahanati ile ilikohoa na printa ikatema karatasi. Muuguzi aliisoma akiwa amesimama, mara moja, bila kidole. Akaibandika juu ya friji, na ile ya jana akaifinyanga na kuitupa kwenye pipa. Ndipo akaita, "Mama wa kwanza! Kadi!" Na kichanga cha Mama Chiriku, zamu yake ilipofika, kilichomwa sindano ya kundi lisiloganda, kikapiga yowe lililosikika hadi bombani. Mama yake hakuwahi kusikia yowe tamu kama lile.

Bohari, majibu yalikuwa yanaingia. Kila moja lilirudi likiwa na maneno ya barua juu, kila mstari umetanguliwa na alama ndogo ya mshale kuonyesha kwamba ni maneno ya mwenzake, na chini yake neno moja: NIMEPATA. Hadi saa sita walihesabu thelathini. Ya thelathini na moja ilikuwa zahanati iliyokatikiwa umeme. Mkuu mwenyewe alipanda pikipiki ya kukodi, akiwa na karatasi mfukoni. Watoto saba tu katika zahanati zote walikuwa wamechomwa chanjo iliyokufa. Majina yao yaliandikwa, na kesho yake wote saba walirudi wakachomwa nyingine. Walilia tena, lakini walikingwa.

Jumatano Mama Chiriku alipoingia kazini, meza karibu na mlango ilikuwa na majalada bila mtu. Meza yake ya zamani, ya dirishani, ilikuwa wazi ikimsubiri, na Nakshi amevuta kiti pembeni yake, na daftari limefunguliwa.

"Shikamoo, Mama Sabini."

"Tangu lini unaniamkia hivyo?"

"Tangu jana saa tatu na dakika kumi." Akainamisha kichwa. "Usiku mzima nilikuwa nawaza wale saba. Nifundishe, dada. Hata kama ni kuhesabu herufi kwa vidole."

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, miwani mkononi. "Mimi ndiye niliyesema naona vizuri," alisema. "Nilikitazama kioo changu nikadhani nimetazama zahanati. Kuanzia leo barua haitoki hapa mpaka Mama ameiona ikiwa tupu." Kisha akaongeza, "Na wewe Mama, siku nyingine nikikwambia umwache mwenzako, usiniache."

"Nimesikia, Mkuu," alijibu, maana hata yeye alijua alichokiacha Jumatatu. Alimgeukia Nakshi. "Andika. Sheria ya kwanza: usimwandikie aliyekaa mbele ya kioo chako."

Jioni alipofika nyumbani, alikuta ngazi imeegemezwa ukutani. Fundi wa mapaa ya watu hatimaye alikuwa amepanda paa la kwake. Beseni la bati lilikuwa bado mezani na maji ya mvua nusu, na Chiriku ameketi mbele yake, ulimi nje, akimaliza kuandika kwenye jalada jipya. Safari hii alikuwa ameandika jina lake kwa penseli ya kawaida, amekandamiza hadi herufi zimeacha alama. Nyota moja tu ya njano ilikaa pembeni.

Mama aliketi, akampakata kichanga, akamsimulia binti yake yote: safu nyekundu iliyobaki kwenye kioo, mistari iliyokatika, vichupa viwili mezani. Chiriku alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mama alipomaliza, alisema kile alichoambiwa na bibi yake miaka ile akiwa na kipande cha mti mkononi, kwani hukumu ilikuwa ni ile ile: uzuri wa mkakasi ukipata maji basi.

Chiriku alichovya kidole ndani ya beseni, akakiinua juu ya jalada, akaliacha tone lianguke. Pu. Akaongeza la pili, na la tatu. Nyota ya njano ilichuruzika hadi ukingoni, ikatoweka. Mtoto aliinama, akafuta maji kwa mkono wa gauni lake, akatazama kwa muda mrefu.

"Mama, jina bado linasomeka."